Maziwa Niliyoyaacha Kigali

Rusumo, mpakani
Jumanne asubuhi

Mama,

Hiyo mistari mikubwa iliyopinda hapo juu sikuichora mimi. Ni mume wako, huyu mjukuu wako. Sasa hivi tu niliinuka kidogo kuangalia maharage jikoni, kurudi namkuta amekalia kigoda changu, kalamu kaishika kwa ngumi kama mtu anayetwanga, ulimi nje, anakuandikia. Nilipomnyang'anya hakulia. Alinitazama, akaokota kandambili ya baba yake, akaipiga juu ya karatasi, pu! Kwa hiyo ukiona vumbi hapo pembeni ujue barua imeshapigwa muhuri na Daudi mwenyewe.

Nimeanza vibaya, hata sijakusalimia. Shikamoo mama. Mbukwa, kwa Kigogo chetu. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua bado ipo au mwanao Yohana amejipaka yote akicheza mpira? Na uwele, ndege wameuachia? Huku tukiona mvua tunajiuliza kama na huko nyumbani Kintinku imenyesha, na tukiona jua tunajiuliza hivyo hivyo. Sisi ni wazima. Elia mzima, kazi ya matairi ipo, maana malori hayaishi hapa mpakani, na barabara haijawahi kumwonea huruma tairi. Mimi mzima, kibanda changu cha chakula kinakwenda. Na Daudi umeshaona mwandiko wake.

Mama, ile sauti yako aliyoirekodi Yohana tuliisikia. Tuliisikiliza mimi na Elia tumekaa kitandani, mtoto katikati, na uliposema "mume wangu" Daudi akageuza kichwa akaitafuta hiyo sauti nyuma ya simu. Ulisema, "Debora, uwele umeshatoa mashuke. Niletee mume wangu nimwachishe ziwa hapa nyumbani, kama nilivyomwachisha Joisi wa dada yako. Akiwa na wewe haachi huyo. Harufu ya ziwa iko mpaka kwenye kanga zako."

Sikukujibu kwa simu. Usidhani nilikudharau. Simu ya Yohana inasikilizwa na watu wote pale dukani, mtu akija kununua chumvi na yeye anatoa shauri. Hili nilitaka ulisome mwenyewe, polepole, umekaa.

Nataka nikueleze kwanza jinsi lilivyokuwa. Mimi nilikubali. Kweli mama, nilikubali. Nilishajaribu kumwachisha hapa nikashindwa. Nilipaka shubiri. Akaonja, akakunja uso kama mzee aliyemeza kwinini, akafuta kwa kiganja, akaendelea kunyonya. Nikapaka pilipili kidogo, hapo tukalia wote wawili, majirani wakaja kuuliza kuna msiba gani. Anakaribia miaka miwili, ana meno ya kutafuna muwa, na bado usiku ananipapasa kama mtu anayetafuta funguo. Elia akasema, "Mama amesema kweli. Mpeleke. Sisi wote ndivyo tulivyoachishwa." Tukapanga na Shaibu, yule dereva wa kwenu Manyoni anayepita hapa na lori, kwamba safari hii akirudi anipakie mimi na Daudi, atushushe Kintinku, nimwache kwako, nirudi. Nguo zake nilishazifua nikazikunja. Nilikuwa nazikunja halafu nazikunjua, nazikunja tena, Elia akaniuliza kama zimekosea nini.

Basi Shaibu ndiye huyu anayekuletea barua. Lori ni lile lile. Utaniuliza mtoto yuko wapi. Ndiyo maana nataka nikusimulie habari ya Jumamosi.

Jumamosi alfajiri nilikuwa nafagia mbele ya kibanda. Nikaona Adela anakuja mbio kitenge mkononi, na Siwema nyuma yake anavaa hereni huku anakimbia. Adela nilishakutajia, ni Mhangaza wa hapa hapa, anauza maandazi pembeni yangu. Siwema ni yule msusi, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wangu, haishi siku hatujatukanana.

"Mama Daudi, vaa viatu!" Adela ananiambia.

"Kuna nini?"

"Kuna Kigali."

"Kigali ya nani?"

Kumbe kaka yake Adela, Gaspari, anaendesha kosta, na siku hiyo alikuwa anaipeleka kwaya ya kanisa lao kuimba huko Kigali na kurudi jioni. Wanakwaya watatu wameugua mafua, viti viko wazi, na Gaspari kamwambia dada yake, kama una wenzako wakimbie sasa hivi, nikishapasha injini sisubiri mtu. Adela na mimi hati za kuvukia mpaka tunazo kwa sababu huwa tunafuata vitenge ng'ambo, na Siwema naye anayo. Daudi hana.

Nikasema siendi. Mtoto anaamka sasa hivi, atanyonya nani?

Siwema akashika kiuno. "Mtani, twende uone mji. Ukirudi kwenu uwe na la kusimulia, kila siku ng'ombe na mlenda, ng'ombe na mlenda."

Nikamwambia, "Mnyamwezi wewe, babu zako walikuwa wabeba mizigo, nikienda utanibeba?"

"Nitakubeba, lakini na wewe Mgogo usiombeombe njiani."

Elia alikuwa amechuchumaa kwenye tairi, anasikia yote. Hakuinua hata kichwa. "Nenda," akasema.

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wangu au wa jirani?"

"Akilia?"

"Atalia. Nami nitamsikia. Nenda, Debora. Juma lijalo unamwacha kwa mama miezi. Leo jaribu siku moja."

Maneno hayo yalinichoma. Daudi alikuwa amelala ndani ya tairi la lori lililolazwa chini, ndicho kitanda ambacho baba yake humtengenezea, analitandikia gunia na shuka. Sikumbusu, nikiogopa ataamka. Nikavaa viatu.

Mama, pale darajani mto unaanguka chini kwa kelele, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na ukishavuka magari yanahama upande. Sisi tunapita kushoto, wao wanapita kulia. Siwema hakujua. Alipoona Gaspari anahamia upande mwingine akapiga ukelele, "Dereva! Unakwenda upande wa wenzio! Tunakufa hatujafika hata Kigali!" Kwaya nzima ikacheka mpaka kiongozi wao akashindwa kuanzisha wimbo. Walipotulia wakaimba, na hawakunyamaza tena mpaka tumefika.

Na nchi yenyewe ni vilima. Kwetu ukisimama nyuma ya zizi unaona mpaka mwisho, unamwona mgeni kabla hajakuona, unapata muda wa kuweka chungu jikoni. Kule huoni mbele. Kila kilima kina mwenzake nyuma, na mwenzake ana mwenzake, na vyote vimelimwa mpaka kichwani. Nikawaza, watu wa huku mgeni anawatokea tu mlangoni, wanampa nini?

Saa zao ziko nyuma ya zetu, kwa hiyo tulifika mapema kuliko tulivyodhani. Siwema akasema tumerudishiwa saa nzima bure, tuitumie vizuri. Kwaya wakaenda kanisani kwao, Gaspari akatuonyesha mahali pa kukutana, akasema atakayechelewa atarudi kwa miguu, tukabaki sisi watatu barabarani. Nikutajie nini? Barabara zimefagiwa kama uwanja wa kwako siku ya Krismasi. Maua yamepandwa katikati ya njia na hakuna mbuzi anayeyala. Pikipiki ni nyingi, na kila abiria amevaa kofia ngumu, hata kina mama waliobeba mboga. Kuvuka barabara nilikuwa nashindwa, maana naangalia huku gari linatokea kule, Adela akanishika mkono kama mtoto. Lakini sikuogopa, mama. Nilitembea kifua mbele. Nikajisemea, kumbe mji ni watu tu, wamesimama karibu karibu.

Kuna kitu kimoja tulikosea, lazima nikuambie ucheke. Mama mmoja wa kwaya alitupa mahindi ya kuchemsha. Sisi tukawa tunatembea tunatafuna, kila mtu na gunzi lake, tunashangaa maghorofa. Nikaona watu wanatutazama halafu wanaangalia chini. Mara mzee mmoja mwenye kofia na mkongojo akasimama, akatuambia jambo kwa upole kabisa. Adela anaielewa lugha yao, iko karibu na Kihangaza. Uso ukamshuka.

"Anasemaje?"

"Anauliza, binti zangu, nani anawakimbiza?"

Kumbe kule mtu hali akitembea. Chakula kinakaliwa. Tukakaa kwenye ukuta mfupi tukamalizia mahindi kimya kimya kama tuko kanisani, na yule mzee akatuinulia kofia akaenda zake. Ungempenda. Si wewe uliyekuwa unatupiga makofi ya mgongo tukila njiani?

Sasa, pale pale kwenye ukuta, ndipo maziwa yalipoanza.

Saa ile Daudi huwa ananyonya akitoka kulala mchana. Mwili ulijua saa hata kama nchi ilikuwa imebadilisha. Kifua kikajaa, kikawa kigumu kama kibuyu, nikawa siwezi kushusha mikono. Halafu akapita mwanamke ana mtoto mchanga mgongoni, mtoto akalia kidogo tu, nyee, na mimi hapo hapo nikalowa. Blauzi yote ya mbele. Ile ya bluu uliyonishonea.

Siwema akanitazama. "Mtani, Kigali kumekauka leo, wewe mvua imekunyeshea wapi?"

Nilitaka nicheke, nikalia. Adela akavua kitenge chake haraka akanifunika. Nikawaambia nataka kurudi, sasa hivi, Daudi analia, najua analia, nasikia. Adela akaniuliza nitarudi na nini, kosta ni ya jioni. Nikampigia Elia, laini yangu kule haikushika. Nikapiga tena, nikapiga tena. Siwema akaacha utani kabisa, na mtani akiacha utani ujue una hali mbaya. Akanishika bega, akasema, "Kwanza tukukamue. Kulia utalia baadaye."

Tukaingia kwenye duka la vitenge lililokuwa karibu. Mwenye duka ni mama mtu mzima, mnene, miwani imeshuka puani. Adela akaanza kumweleza kwa lugha yao, yule mama akatukatiza kwa Kiswahili safi. "Nimeishi Kahama miaka mingi, semeni tu. Huyu ni maziwa, sihitaji kuambiwa." Akavuta pazia, akaniingiza nyuma ya duka, akanipa kikombe na kitambaa cha maji ya moto. Akaniambia nisikamue yote, nipunguze tu, nikimaliza yote yatakuja mengi zaidi. Nikapunguza. Mama, ile nafuu! Nilihisi kama mtu kanitua mtungi.

Kikombe kilipokuwa mkononi mwangu nikakumbuka ulivyotufundisha, kwamba maziwa ya mama hayamwagwi njiani yakakanyagwa. Nikamwuliza nimwage wapi. Hakushangaa. Akanipeleka uani, kuna mche wa mpapai, akasema hapo. Nikamwaga shinani taratibu. Kwa hiyo kuna mpapai Kigali umenyonya maziwa ya Daudi. Ukizaa, watakaokula watakuwa ndugu zake.

Tukiwa pale uani akaja mtoto wa kike, mkubwa kidogo kuliko Daudi, akamkumbatia yule mama miguu. "Mama," akamwita. Nikasema, hongera, umepata kitinda mimba.

Akacheka. "Huyu ni mjukuu. Mama yake anafanya kazi mbali. Aliniletea nimwachishe ziwa, basi akabaki. Sasa ni wangu."

"Na mama yake akija?"

"Akija anamwita dada." Alisema kwa furaha, mama, kwa majivuno kabisa, huku anampangusa mtoto pua.

Nikamwuliza, "Na huyo dada, akiitwa dada, anasemaje?"

Yule mama akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge. Kisha akasema, "Anacheka. Mbele yangu anacheka. Halafu anakwenda kunawa uso, na kunawa kwenyewe huwa ni kwa muda mrefu."

Nilichagua kitenge, hicho kilichomo ndani ya mfuko huu, cha kijani chenye mashuke yanayofanana na ya uwele. Ni chako. Yule mama alinikunjia mwenyewe, na tulipoagana alinishika mkono na kusema nimwambie mtoto wangu amesalimiwa na bibi wa Kigali.

Mama, unajua nilichokuwa nafikiri. Wewe ulikuwepo. Siku ile dada Mariamu alipokuja kumwona Joisi na zile ndala nyekundu alizomnunulia, Joisi akajificha nyuma ya gauni lako akauliza, "Mama, huyu shangazi anataka nini?" Wote tulicheka. Dada alicheka kuliko sisi. Halafu akachukua ndoo akasema anakwenda kisimani, na maji yalikuwa yamejaa mtungini. Mimi nilikuwa msichana, niliona ndoo tu. Sasa nimeona na kilichomo.

Sikulaumu. Nakuapia sikulaumu. Dada alikuwa hana pa kumweka mtoto, na wewe ulimlea Joisi akawa binti mwenye adabu, shule anaongoza kuimba. Lakini mimi pa kumweka wangu ninapo.

Njia yote ya kurudi kwaya waliimba, mimi nimejikunja dirishani nimejifunga vitenge viwili kifuani. Nilikuwa najiandaa. Nilijua nitakuta Daudi amelia mpaka sauti imekauka, atanirukia, na nitampa, na mchezo wa kuachisha umeisha hapo, kilichobaki ni kumleta kwako. Nikawa namwomba Mungu hata sijui nimwombe nini.

Tulipovuka daraja jua lilikuwa linazama. Elia alikuwa amesimama pale yanapoegeshwa malori, Daudi kwenye mabega yake, mikono yote miwili imeshika masikio ya baba. Amejipaka ugali kuanzia kidevuni mpaka kitovuni. Nikakimbia. Nikanyoosha mikono. Mama, aliniangalia vizuri, kama anakagua. Akatabasamu. Halafu akaniwekea mdomoni kipande cha muwa alichokuwa anakitafuna.

Basi. Hakutafuta kifua. Nilimchukua, akanilalia begani, akawa anaonyesha kosta kwa kidole anasema "gai, gai."

"Amelia?" nikamwuliza Elia.

"Kosta ilipoondoka, na mchana kidogo. Nikampa mlenda wako wa jana na ugali. Akala. Akalia tena kidogo, akala tena. Halafu nikampa spana ndogo, tukafanya kazi."

Usiku ule nilikaa macho nikingoja anipapase. Alipapasa. Nikampa maji kwenye kikombe, akanywa, akashika kidole changu, akalala. Kesho yake vivyo hivyo. Mpaka leo. Mimi ndiye niliyekuwa nalia kitandani kama mtoto, kifua kinauma, Elia ananiwekea kitambaa cha moto na hajui acheke au anyamaze. Ndipo nikaelewa. Aliyekuwa hajaacha ziwa ni mimi. Kwetu sote tunaamini kwamba mtoto ndiye wa kuondoka, apelekwe mbali asahau harufu. Kumbe angeweza kuondoka mama, siku moja tu, akaranda mjini na wenzake akila mahindi ovyo barabarani, na akirudi akakuta kazi imefanyika.

Kwa hiyo mama, kwa heshima yote, na nimepiga magoti ninapoandika, hata Adela akipita atashangaa: Daudi simleti kwako umlee. Ameshaacha. Atakaa na sisi. Elia nimemwambia, akafikiri sana, akasema, "Siku moja nimekaa naye nimejua anapenda spana gani. Kweli abaki." Nguo zake nimezirudisha kwenye boksi, na sijazikunjua tena.

Lakini najua jambo lingine ambalo hukulisema kwenye ile sauti. Tangu baba atutoke, nyumba ni kimya. Joisi sasa yuko bwenini, Yohana anarudi kulala tu. Ukisema niletee mume wangu, nasikia unasema niletee mtu wa kuongea naye wakati wa kuchambua mboga. Nimelisikia mama. Usidhani nimejibu nusu ya barua.

Ndiyo nasema hivi. Uwele ukishavunwa, ukishaingia ghalani, njoo. Shaibu amekubali kukuchukua, amesema utakaa mbele kama malkia na atasimama kila utakapotaka kunyoosha goti. Kitanda kipo, Elia anakitengenezea miguu mipya. Nakuhitaji, na hili silisemi kukufurahisha. Madereva wanaotoka Dodoma na kwetu wameshajua kibanda changu, wakishuka tu wanauliza, "Mlenda upo?" Upo, lakini wa kwangu hauvutiki kama wa kwako, na juzi mzee mmoja wa Bahi alionja akaniambia, "Binti, huu umeupika au umeukumbuka tu?" Wenzangu wakacheka siku nzima, Siwema mpaka leo ananiita Mama Kumbukumbu. Njoo unionyeshe unaweka magadi kiasi gani. Ukae mpaka uchoke. Ukichoka, tutakusindikiza wote watatu, Daudi akanyage uwanja wa kwenu kwa miguu yake, akujue wewe ni bibi, na mimi ni mama, na kila mtu kwa jina lake.

Nisalimie Yohana, mwambie simu asiwape watu wa dukani. Nisalimie dada Mariamu, na hili mwambie mkiwa wawili tu: mdogo wako anasema siku ile ya ndoo ameielewa. Nisalimie Joisi, dada mkubwa wa wajukuu. Nisalimie mama mkubwa wa ng'ambo ya reli na kuku wake wote. Babu mlinda ghala mwambie zile karanga zilifika, Daudi alizila na maganda.

Kitenge usikiweke sandukuni. Kishone, uje umekivaa, nikuone ukishuka kwenye lori.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Debora, Mama Daudi

Mama, nilikuwa nimeshakunja, nimekunjua. Shaibu amewasha injini lakini bado anakunywa chai, kwa hiyo nina dakika. Nimemfundisha Daudi neno. Namwuliza, "Bibi yuko wapi?" naye ananyoosha kidole kwenye barabara ya kwenu. Sasa hivi nimemwuliza, akaonyesha lori. Nikacheka, nikasema ndiyo, lori linakwenda kwa bibi, nikaendelea kuandika, na sasa simwoni hapa miguuni. Kandambili zote mbili za baba yake hazipo. Elia anapiga kelele huko nje huku anacheka, "Mama Daudi! Mama Daudi, njoo umwone mwanao, ameshika ngazi ya lori hataki kuachia, anasema bibi, bibi!" Shaibu naye anasema kama nauli anayo ampakie. Mama, ngoja nikamshushe huyu mume wako kabla haja